Mchanga Usiokubali Maji

Mtu anayeijua kazi ya nyasi haanzi na mpira wa maji. Anaanza na macho, na kabla ya macho anaanza na nyayo. Fundi ninayemsimulia hapa ni mzee anayetunza bustani za nyumbani pande za Mbezi Beach, Dar es Salaam. Akiitwa kuangalia nyasi zilizoingia mabaka, hufika kabla jua halijapanda, huvua ndala zake getini, hukunja suruali, na kutembea pekupeku kutoka ukuta hadi ukuta. Hatembei haraka. Kila baada ya hatua chache husimama na kugeuka kuangalia alikopita.

Anachotafuta ni alama za miguu yake mwenyewe. Nyasi zenye maji ya kutosha zikikanyagwa huinuka upesi. Zenye kiu hubaki zimelala, na unyayo huonekana hata baada ya yeye kufika upande wa pili. Pale unyayo unapobaki huinama akatazama jani kwa karibu. Jani lililoanza kukauka hujikunja kwa urefu wake, na kijani chake hugeuka kuwa na ukijivu kabla ya kuwa kahawia. Kwa hiyo mzee haoni mabaka yaliyopo tu. Huona na yale yatakayojitokeza wiki ijayo, nayo huyawekea alama kwa vijiti vya mnazi.

Bustani ya leo ni ya nyasi za Pemba, zile zenye jani pana na mashina yanayotambaa, ambazo asili yake ni pwani za Bahari ya Hindi na ambazo huvumilia kivuli kuliko nyingi nyingine. Mwenye nyumba anatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, ila hizi nyasi zinanisumbua. Kila jioni nazimwagilia, na bado zinakauka."

Mzee hajibu upesi. Anasugua udongo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anasema, "Maji unamwaga, mama. Tuangalie kama yanaingia."

Kwanza anaondoa yale ambayo siyo. Baka la mkojo wa mbwa huwa dogo na la mviringo, limekufa katikati na kuzungukwa na duara la kijani kilichokoza, kwa sababu naitrojeni ile ile inayounguza katikati hurutubisha pembezoni. Hapa hakuna duara la kijani. Baka la mabuu ya mbawakawa hutambulika kwa kuvuta: ukishika nyasi na kuzinyanyua, huja mkononi bila kushikilia, kwa kuwa mizizi imeliwa. Anazivuta. Zimeshika. Anapita tena akichunguza vinundu vidogo, kwa sababu baka lingeweza kuwa alama ya mashine iliyokata chini mno juu ya kinundu. Vinundu havipo. Anauliza kama kuna aliyejaza petroli kwenye mashine ya kukatia nyasi akiwa katikati ya bustani. Mama anasema hapana.

Kisha anatoa kipande cha nondo ya milimita 8 alichokinoa ncha, na kukichomeka katika kila baka. Kwenye baka lililo karibu na kibaraza nondo inagota baada ya kina cha kiganja. Anaichomoa, anaichomeka pembeni kidogo, inagota tena. Anachora mpaka wa kitu kilicho chini kwa kuchoma na kuchoma, mpaka anajua umbo lake bila kukiona. Ndipo anapochukua beleshi, anakata tabaka la nyasi kwa pande tatu, analikunja taratibu upande wa nne, na kufukua bonge la zege lililoachwa na waashi. Kwenye nyumba nyingi mpya za mjini nyasi zimepandwa juu ya vifusi namna hii, na mahali pa namna hiyo mizizi haina pa kwenda wala maji hayana pa kukaa. Anajaza udongo, anaushindilia kwa mguu ili usije ukatitia baadaye, na kulirudisha tabaka la nyasi mahali pake. Baka moja limepata jawabu. Yaliyobaki ni ya aina nyingine, kwa sababu nondo ilizama humo bila kizuizi chochote, nayo ikatoka na vumbi.

Chombo chake cha kupima ni bomba la chuma la inchi moja na nusu, urefu wa kama nusu mita, ambalo mdomo wake ameusaga kwa tupa mpaka umekuwa mkali. Analisimamisha juu ya baka, analisukuma huku akilizungusha, analivuta, kisha kwa kijiti anakisukuma nje kile kilichoshikwa ndani. Kinatoka kipande kirefu cha udongo, anakilaza juu ya ubao. Juu kabisa kuna majani. Chini yake kuna tabaka la kahawia la mashina na mizizi iliyokufa, unene wa karibu sentimita mbili. Halafu unakuja mchanga wa kijivu, mkavu kiasi cha kupeperuka, wa kina cha sentimita saba au nane. Chini ya huo mchanga mkavu kuna mchanga wenye unyevu. Mama anashangaa: chini kuna maji, juu hakuna, na yeye humwagilia kwa juu.

Mzee anachovya kidole kwenye ndoo na kuanza kudondosha matone juu ya kile kipande, moja kwa kila sentimita, kuanzia kwenye majani kwenda chini. Kisha anahesabu kwa sauti ndogo. Ndicho kipimo wanachokitumia hata wataalamu wa udongo: tone likikaa juu ya udongo mkavu zaidi ya sekunde tano kabla ya kuzama, udongo huo unakataa maji. Kwenye mchanga wa chini matone yanatoweka mara yanapogusa. Kwenye ule wa kijivu yanasimama kama ushanga, na hesabu ya mzee inapita tano, inapita ishirini, inapita arobaini. Anakata kipande kingine kutoka sehemu yenye kijani, anakilaza sambamba na cha kwanza, anadondosha tena. Matone yanazama. Hatoi hotuba. Anauacha ubao pale chini ili mwenye nyumba autazame kadiri apendavyo.

Mchanga wa pwani hufanya hivi kwa sababu inayoeleweka. Mimea na kuvu vinapooza udongoni huacha mabaki yenye asili ya nta, na nta hiyo huzivika chembe za mchanga utando mwembamba. Chembe za mchanga ni kubwa, kwa hiyo nyuso zake zote zikijumlishwa hazifanyi eneo kubwa, na nta kidogo inatosha kuzifunika. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno zenye eneo kubwa mno, na nta ya kiasi hicho hicho hupotelea humo bila madhara. Mchanga ukiwa na unyevu, tabia hii haionekani. Ukishakauka kupita kiwango fulani ndipo unapogoma, na ukigoma, maji yanayomwagwa juu yake hufuata mkondo: yanateremka kwenye bonde la karibu, au yanapenya kwenye upenyo mmoja na kwenda chini moja kwa moja, yakiacha pande zote mbili kavu. Ndiyo maana kipande cha udongo cha mzee kilikuwa kikavu juu na kibichi chini. Matatizo haya si ya Dar es Salaam peke yake. Huko Australia Magharibi mamilioni ya hekta za mashamba ni mchanga unaokataa maji, na wakulima wa huko hufikia hatua ya kusambaza mfinyanzi juu ya mashamba yao.

Kazi yenyewe inaanza kwa reki. Mzee ana reki ya meno membamba ya chuma, na anaivuta kuelekea kwake kwa mikono yote miwili, bila kuikandamiza. Anachotaka ni lile tabaka la kahawia la masalia, si mashina mabichi. Akivuta upande mmoja, anageuka na kuvuta kwa kukingama. Masalia yanatoka kwa mafungu, na yeye anayasukuma pembeni, anayapindua kwa mguu kuhakikisha hajang'oa kilicho hai. Tabaka hili likiwa jembamba lina faida, maana huzuia jua kuupiga udongo. Likizidi kama sentimita moja na nusu huanza kuyakamata maji kabla hayajafika chini, na mizizi mipya huota humo badala ya kushuka mchangani. Mzee haliondoi lote. Anapunguza mpaka anapoweza kuufikia udongo kwa ncha ya kidole, halafu anaacha.

Baada ya reki anachukua uma wa bustani wenye meno manne. Anaweka ubao juu ya nyasi, anasimama juu ya ubao ili uzito wake usambae, na kuanza kutoboa akirudi nyuma. Meno yanashuka kwa mguu hadi sentimita kumi hivi. Uma ukiwa chini anauyumbisha mpini mbele na nyuma mara moja, kidogo tu, ili tundu lipanuke bila kuinua nyasi, kisha anauchomoa wima. Tundu na tundu yanaachana kwa upana wa vidole vinne. Akimaliza mstari, anasogeza ubao. Hakanyagi alipokwisha kutoboa. Katikati ya baka, pale matone yalipokaa muda mrefu zaidi, anauweka uma chini na kurudia kwa bomba lake lenye mdomo mkali, kwa sababu uma husukuma udongo pembeni lakini bomba huutoa kabisa. Vipande vya mchanga mkavu anavikusanya kwenye toroli. Havirudishi humo.

Jua sasa limepanda, na mtu mwingine angefungua maji kwa nguvu zote. Mzee anajaza keni yenye kichwa cha matundu madogo. Anapita juu ya baka mara moja, akiishika keni chini, matone yakianguka kwa wepesi, na anaacha mara maji yanapoanza kusimama. Kisha anakwenda kufanya kazi nyingine. Ananoa panga, anakata kingo za nyasi kando ya njia ya gari, anafagia. Baada ya robo saa anarudi na keni. Safari hii maji yanakaa juu kwa muda mfupi zaidi. Anaondoka tena. Anarudi tena. Kila mzunguko unalowesha ukuta wa matundu kidogo zaidi, na mchanga uliokwisha kupata unyevu huruhusu maji kupita kwenda kwa mchanga wa jirani. Ukitazama kwa muda mfupi utadhani mzee hafanyi kitu. Ukikaa pale asubuhi nzima utaona kwamba baka lililokuwa likimwaga maji yake yote kwenye njia ya gari sasa halimwagi hata tone.

Zipo dawa za kulowesha udongo zilizotengenezwa kwa kazi hii, zinazotumiwa sana kwenye viwanja vya gofu, ambazo hupunguza ule mvuto unaoyafanya maji yajikusanye kuwa tone badala ya kutandaa. Mzee huitumia dawa hiyo akiipata. Huipima kwa kufuata maelekezo ya kwenye chupa, huinyunyiza juu ya matundu, na kuifuatishia maji papo hapo ili ishuke kwenye mizizi isibaki kwenye majani. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo watu hushauriana kuimwaga, haigusi. Ina chumvi, na chumvi mjini humu tayari ni nyingi, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Kabla ya kuondoka huonja maji ya bomba la bustani kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, humwambia mwenye nyumba asubiri mvua kubwa au atumie maji yasiyo na chumvi mara moja moja ili chumvi iliyojikusanya ioshwe ishuke chini ya mizizi.

Siku inayofuata inakuwa ya kujaza matundu. Mchanganyiko wake ni wa vitu vitatu: mchanga, mboji iliyoiva vizuri mpaka haina harufu, na ule udongo mwekundu unaouzwa kwa lori kwa ajili ya bustani. Udongo mwekundu una mfinyanzi, na mfinyanzi ndio utakaozifunika chembe za mchanga zilizovikwa nta na kuzifanya zikubali maji. Anauchekecha mchanganyiko wote kwa wavu wa waya, anaponda mabonge kwa mgongo wa beleshi, anachekecha tena. Anaumwaga kwa viganja, anausambaza kwa mgongo wa reki, kisha anachukua fagio la chelewa na kuanza kufagia kuelekea kila upande, ili udongo udondoke kwenye matundu na usibaki juu ya majani. Njiti za mnazi zina ugumu unaofaa: zinasukuma udongo, hazirarui nyasi. Akimaliza, ncha za majani zote zinaonekana. Pale zilipofunikwa anapiga magoti na kuzifunua kwa vidole.

Mahali nyasi zilipokufa kabisa, anapanda. Anakata mashina yanayotambaa kutoka sehemu iliyostawi ya bustani hiyo hiyo, kila kipande kikiwa na vifundo viwili au vitatu, kwa kuwa mizizi hutoka kwenye kifundo. Anachimba kijishimo kwa kijiti, analaza shina, anafukia kifundo na kuacha majani juu, anakandamiza kwa kidole gumba. Nafasi kati ya kimoja na kingine ni kama sentimita kumi. Ni kazi ya kuchuchumaa, na mzee haiharakishi. Vipande vilivyobaki anaviviringisha ndani ya gunia lenye maji, vikae kivulini, kwa ajili ya kuziba pengo la kitakachokataa kushika.

Sehemu ya mwisho ya ufundi wake ni ya kumfundisha mwenye nyumba, na hapo vifaa vyake ni makopo matupu ya samaki. Anayapanga manne au matano juu ya nyasi, anamwomba mama afungue kinyunyizio chake kama afanyavyo siku zote, na wote wawili wanasubiri. Dakika kumi na tano baadaye anapita na rula. Kopo lililo karibu na kinyunyizio lina maji ya kutosha, lililo kwenye kona ya ukuta lina utando mwembamba tu wa maji chini. Kona hiyo ndiyo iliyokuwa na baka kubwa kuliko yote, tena iko mbele ya ukuta mweupe unaorudisha joto la mchana. Hesabu anayompa ni nyepesi: maji ya kimo cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ndoo ya lita 20 ikimwagwa taratibu kwenye mita moja ya mraba ni milimita 20. Nyasi za aina hii zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki, zaidi kidogo wakati wa joto kali, na mvua ikinyesha inahesabiwa humo.

"Usimwagilie kila jioni, mama. Mara mbili kwa wiki, asubuhi na mapema, na kila mara mpaka maji yashuke. Ila hapa penye mchanga mkaidi usipaache pakauke kabisa."

Maji ya kila jioni yalikuwa yanalowesha juu tu na kuifundisha mizizi kukaa juu, ambako jua la siku moja linaweza kuimaliza. Usiku nao hukuta majani mabichi, hali ambayo kuvu wa magonjwa huipenda. Maji ya asubuhi hupata nafasi ya kuzama kabla ya jua kali, na majani hukauka mapema. Na mjini hapa maji si kitu cha kuchezea: Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao. Lita inayoteremka kwenye njia ya gari ni lita iliyolipiwa bure.

Juu ya ukataji ana maneno machache. Nyasi za Pemba zisikatwe kama zulia la ofisini. Anaziacha na urefu wa sentimita tano hadi saba, na kwa mkato mmoja haondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani. Jani refu hutia udongo kivuli na hulisha mzizi mrefu. Kisu cha mashine anakinoa kila mara, maana kisu butu hurarua, na jani lililoraruka hupoteza maji na kugeuka jeupe nchani. Majani mafupi yaliyokatwa anayaacha chini yaoze. Si hayo yanayounda tabaka la masalia, bali mashina na mizizi.

Kalenda yake inafuata mvua. Masika, kati ya Machi na Mei, mchanga unalowa wenyewe, na hiyo ndiyo nafasi ya kupanda na kujaza. Mara tu masika yanapokwisha anarudi kutoboa sehemu zote zilizowahi kuwa na mabaka, hata kama zina kijani, ili miezi mikavu ya kusi izikute ziko wazi. Anafanya hivyo tena baada ya vuli, kabla ya jua la Januari na Februari. Hasubiri kahawia. Katika bustani anazozitunza kwa utaratibu huo, kazi kubwa niliyoieleza hapo juu hairudiwi. Hubaki kazi ndogo ya uma na fagio.

Nyasi zilizotibiwa hivi huchukua wiki kadhaa kufunga pengo, na katika wiki hizo hakuna cha kumwonyesha jirani. Ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kurudia kufungulia mpira kila jioni, au kununua mbolea, ambayo kwenye udongo mkavu huunguza badala ya kulisha. Kwa hiyo, wewe mwenye bustani inayokauka licha ya maji, kabla hujaongeza maji fanya jambo moja. Kata kipande cha udongo chenye kina cha kiganja, kilaze juu ya ubao, dondoshea tone, hesabu hadi tano. Tone likizama, tafuta sababu nyingine. Likibaki limesimama, funga bomba na utafute uma.